Kuchagua Darubini Ndogo ya Kutazamia Ndege: Mwongozo kwa Wakazi na Waongoza Watalii wa Tarime na Serengeti

Kijitabu hiki ni cha nani

Kimeandikwa kwa ajili ya waongoza watalii wa Mugumu na Robanda, askari wanyamapori wa vijiji, walimu wanaosimamia klabu za mazingira shuleni, na mkazi yeyote wa Tarime au Serengeti anayependa ndege na anataka kununua darubini moja ya kudumu. Hakipigii debe kampuni yoyote. Majina ya watengenezaji yametajwa pale tu mfano unapohitajika.

Ushauri wetu kwa ufupi: kama utanunua darubini moja tu, chukua yenye kipimo cha 8x30 au 8x32, iliyo bora kadiri mfuko wako unavyoruhusu. Ile ya kutia mfukoni, 8x20 au 8x25, ni ya mtu mwenye sababu maalumu. Sababu zenyewe zimeelezwa humu.

Ndege wetu na saa zao

Hifadhi ya Taifa ya Serengeti peke yake ina zaidi ya aina 500 za ndege. Baadhi yao makazi yao ni ukanda huu wa kaskazini mwa Tanzania na maeneo machache ya jirani: kasuku mdogo wa Fischer, kwera mwenye mkia wa rangi ya kutu, na kwale kifua-kijivu.

Mchukue huyo kwale. Hutoka kandokando ya barabara alfajiri, kabla magari hayajaanza kutimua vumbi. Jamaa yake, kwale koo-njano, anaishi katika nyika hizohizo. Njia ya haraka ya kuwatofautisha ni koo lisilo na manyoya: la mmoja lina rangi ya chungwa inayoelekea uwaridi, la mwingine ni njano tupu. Huku kwetu jua huchomoza karibu saa 12 na nusu asubuhi, na saa hiyo kwale wameshatoka. Darubini isiyopitisha nuru ya kutosha itakuonyesha kwale wawili wenye makoo ya rangi moja, hata kama inakuza mara ishirini.

Mambo ni hayohayo katika msitu wa kingo za Mto Grumeti na Mto Mara, ambako kivuli hakiondoki hata saa 3, na kwenye mafunjo ya bonde la chini la Mto Mara kuelekea Kirumi, ambako ndege hujificha kati ya mashina. Nyikani nuru si tatizo, ila kuanzia saa 5 mvuke wa joto hupanda kutoka ardhini na kila kitu cha mbali hucheza. Hakuna darubini, hata ya bei gani, inayouondoa mvuke huo. Inayokuza zaidi huukuza na mvuke wenyewe.

Kwa hiyo swali la kwanza dukani si “inavuta umbali gani?” Uliza inaleta nuru kiasi gani, na kama mkono wako unaweza kuituliza.

Namba mbili na maana yake

Kila darubini ina namba kama 8x32. Namba ya kwanza ni ukuzaji: ndege aliye mita 80 ataonekana kama yuko mita 10. Namba ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Lenzi hiyo ndiyo mlango wa nuru.

Gawanya ya pili kwa ya kwanza, utapata upana wa duara la nuru linalofika jichoni:

- 8x20: milimita 2.5
- 8x25: milimita 3.1
- 10x25: milimita 2.5
- 8x32: milimita 4
- 8x42: milimita 5.25

Mchana wa jua kali mboni ya jicho hubana hadi milimita 2 au 3, basi hata darubini ndogo inatosha. Alfajiri na magharibi mboni hutanuka hadi milimita 5 au zaidi, ingawa uwezo wake wa kutanuka hupungua kadiri umri unavyoongezeka. Saa hizo ndipo 8x25 inapoanza kukuacha gizani. Lenzi ya milimita 32 ina eneo kubwa kuliko ya milimita 25 kwa zaidi ya asilimia 60, na tofauti hiyo utaiona kwa macho yako chini ya mkuyu wa mtoni.

Je, kumi haizidi nane? Kwenye karatasi inazidi. Mkononi, kila mtetemo nao unakuzwa mara kumi, na darubini nyepesi hutetemeka zaidi kwa sababu haina uzito wa kuituliza. Ukiwa umeshuka kwenye bodaboda, moyo bado unakwenda mbio, nane itakupa picha tulivu kuliko kumi. Isitoshe, nane huonyesha eneo pana zaidi, na ndege anayerukaruka kichakani hupatikana haraka.

Makundi matatu

*Za mfukoni (8x20 na 8x25).* Leica Ultravid 8x20 ina uzito wa karibu gramu 240, Zeiss Victory Pocket 8x25 karibu gramu 290, na Swarovski CL Pocket 8x25 karibu gramu 350. Vioo vyake ni vya daraja la juu, na mchana picha ni safi sana. Zinamfaa askari wa doria anayetembea siku nzima na mzigo, mkulima anayetaka kuwa nayo shambani, au mwongoza watalii anayehitaji ya akiba kwa ajili ya mgeni. Zina sharti moja: matundu yake ya macho ni madogo, lazima uyalenge sawasawa, la sivyo utaona vivuli vyeusi pembeni.

*Za kati (8x30 na 8x32).* Uzito ni kati ya gramu 450 na 650. Nikon Monarch HG 8x30 ina karibu gramu 450. Zeiss Victory SF 8x32 karibu gramu 600. Hii ya mwisho huonyesha eneo lenye upana wa mita 155 ukitazama umbali wa mita 1,000, wakati 8x25 ya Swarovski huonyesha mita 119. Kwa kazi ya ndege katika wilaya hizi mbili, hili ndilo kundi tunalolipendekeza.

*Kubwa (8x42).* Zina nuru kuliko zote, lakini nyingi zinakaribia gramu 800. Zinafaa kwa anayefanya kazi ndani ya gari. Kwa anayetembea kwa miguu, mara nyingi huishia kubaki nyumbani.

Kinachofanya darubini iwe ghali

Darubini nyembamba zilizonyooka hutumia prizimu za paa, ambazo huigawa picha mara mbili na kuiunganisha tena. Bila utando maalumu wa kurekebisha mawimbi ya nuru, picha hupoteza ukali. Zeiss waliuleta utando huo sokoni mwaka 1988, na leo darubini yoyote ya prizimu za paa isiyo nao usiihesabu kuwa ya daraja la juu. Juu ya vioo huwekwa tando nyingine nyembamba za kuzuia nuru isirudi nyuma, ufundi uliobuniwa na Alexander Smakula wa Zeiss mwaka 1935.

Kioo cha aina ya ED nacho kina faida unayoweza kuiona. Mtazame pungu anayezunguka mbele ya wingu jeupe. Kwenye kioo cha kawaida mabawa yake yatakuwa na ukingo wa zambarau au kijani. Kwenye kioo kizuri ukingo huo haupo au ni hafifu mno. Mwisho kuna mwili usiopitisha maji wala vumbi, uliojazwa gesi ya naitrojeni ili ukungu usiingie ndani. Kwa mvua za ghafla za Tarime na vumbi la barabara ya Nata, hili si la anasa.

Bei

Katika maduka ya Ulaya na Marekani, za mfukoni za daraja la juu kwa kawaida huuzwa kati ya dola 700 na 1,000. Za 8x32 za daraja la juu kabisa huvuka dola 2,000. Kati yake na za bei rahisi kuna 8x32 nzuri za dola 200 hadi 500, zenye prizimu zilizowekewa tando na mwili usiopitisha maji. Kama bajeti yako ni ya hapo, 8x32 ya kati itakufaa alfajiri kuliko 8x25 ya kifahari. Ongeza gharama ya usafirishaji na kodi kabla hujaamua.

Ya mtumba si haramu. Wageni wengine huuza zao wanapoondoka. Andikishianeni karatasi yenye namba ya utambulisho iliyochongwa mwilini, ili kesho usije ukaambiwa umenunua mali ya wizi.

Jihadhari na bandia

Kwenye minada na vibanda utakutana na darubini ndogo zilizoandikwa 30x60 au 60x60, nyingine zikidaiwa kuona usiku. Pima lenzi ya mbele kwa rula. Ikiwa ni milimita 22, ile “60” ni ya uongo, na namba zilizobaki usiziamini. Epuka pia lenzi zenye mng'ao mwekundu kama kioo cha rubi, na darubini zenye kitufe cha kuongeza na kupunguza ukuzaji.

Dai risiti ya EFD. Ukiuziwa bidhaa yenye nembo ya kughushi, mahali pa kulalamika ni Tume ya Ushindani.

Jaribu kabla ya kulipa

1. Ishike mbele yako kwa urefu wa mkono, ielekeze kwenye anga angavu lakini kamwe si kwenye jua. Utaona viduara viwili vya nuru. Viwe duara kamili. Vikiwa na pembe kama za mraba, prizimu zake ni hafifu.
2. Tazama waya wa umeme au ncha ya bati la mbali. Ukiona mbili, au macho yakaanza kuuma ndani ya dakika moja, mirija haijalingana. Irudishe.
3. Tazama tawi jeusi mbele ya anga jeupe, ukague ukingo wa rangi.
4. Kama unavaa miwani, jaribu ukiwa nayo. Tafuta iliyoandikwa kuwa umbali wa jicho ni milimita 15 au zaidi.
5. Zungusha gurudumu la kulengea. Liende laini, bila kukwama wala kucheza.
6. Ikiwezekana, omba kuijaribu jioni saa 12 na nusu. Mchana kila darubini ni nzuri.

Kuirekebisha iendane na macho yako

Watu wengi huilaumu darubini kumbe haijarekebishwa. Kunja au kunjua mirija mpaka uone duara moja. Ziba lenzi ya mbele ya kulia, lenga kitu kilichotulia kwa jicho la kushoto ukitumia gurudumu la kati. Kisha ziba ya kushoto, tazama kitu kilekile kwa jicho la kulia, na usiguse tena gurudumu la kati. Zungusha pete ya marekebisho, ambayo mara nyingi iko upande wa kulia, mpaka picha ikolee. Kumbuka alama ya pete hiyo. Kwa wanafunzi, hakikisha mirija inakaribiana vya kutosha. Za mfukoni zenye bawaba mbili huwafaa zaidi watoto.

Ukimaliza, mtafute kwera mwenye mkia wa rangi ya kutu karibu na kambi za Serengeti. Kwa macho matupu ni ndege wa kahawia mwenye madoa, basi. Kwa darubini iliyorekebishwa vizuri utaona kuwa jicho lake ni la buluu iliyofifia. Ukiliona hilo jicho, kazi yako imekwenda sawa.

Utunzaji

- Vumbi lipulizwe kwa kipulizio au lifagiwe kwa brashi laini kwanza, ndipo ufute kwa kitambaa cha lenzi. Ukifuta kwa shati, chembe za mchanga zitakwangua utando.
- Usiiache kwenye dashibodi ya gari juani.
- Msimu wa mvua iweke kwenye chombo kikavu chenye vifuko vya kufyonza unyevu. Kuvu wakiota kwenye kioo, matengenezo ni ghali.
- Ifunge mkanda mfupi, ikae kifuani. Inayoning'inia tumboni hugonga usukani na mawe.

Usalama na sheria

Usiingie hifadhini wala kwenye mapori ya akiba ya Ikorongo na Grumeti bila kibali, hata kama ndege yuko hatua kumi ndani ya mpaka. Ukiwa kijiji kisicho chako, anza kwa kujitambulisha ofisi ya kijiji. Usielekeze darubini kwenye vituo vya polisi, kambi za jeshi, migodi, au shughuli za mpakani Sirari.

Darubini ikishapatikana

Andika unachokiona: aina, idadi, tarehe, saa na mahali. Tumbusi mgongo-mweupe na tumbusi wa Rüppell wameorodheshwa kimataifa tangu 2015 kuwa hatarini kabisa kutoweka, na korongo taji wa mashamba yetu naye yumo katika orodha ya walio hatarini. Kumbukumbu zako zinaweza kupelekwa kwenye mradi wa Atlasi ya Ndege wa Tanzania. Ukikuta tumbusi wengi wamekufa mahali pamoja, shuku sumu: usiguse chochote, zuia watoto na mifugo, na utoe taarifa haraka ofisi ya kijiji au kwa askari wa wanyamapori.

Orodha ya kwenda nayo dukani

☐ 8x30 au 8x32 (8x25 kama uzito ndiyo shida yako kuu)
☐ Utando wa prizimu na wa lenzi umetajwa
☐ Haipitishi maji
☐ Kwa wavaa miwani: milimita 15 au zaidi
☐ Majaribio sita yamefanyika
☐ Risiti na hati ya dhamana mkononi