SALAMU KWANZA, BEI BAADAYE



Leo tujifunze namna ya kufanya biashara na watu wenye mila tofauti na zetu. Tanzania ina makabila zaidi ya 120. Wako wakulima, wafugaji na wavuvi. Wako Waislamu, Wakristo na wanaofuata dini za jadi. Kiswahili kinatuunganisha sote. Lakini kusema lugha moja si kuwa na desturi moja. Mtu anaweza kuelewa kila neno lako, na bado ukawa umemkosea.

Tuanze na kisa kilichotupata sisi wenyewe.

Mwaka mmoja kikundi chetu cha kisomo kilichanga fedha za kununua maksai wawili wa kuvuta plau. Mvua zilikuwa karibu. Mwaka uliotangulia tulilima kwa jembe la mkono, tukamaliza nusu ya shamba tu. Basi kikundi kikatuma vijana wawili na mama mmoja kwenda kwenye mnada mkoani Manyara. Sisi, mwalimu wao, tulifuatana nao.

Kijana wa kwanza alimwendea mzee wa Kimaasai. Hakumwamkia. Alinyosha kidole akauliza, "Huyu bei gani?" Kisha akaanza kuhesabu kwa sauti: mmoja, wawili, watatu. Mzee akatazama pembeni. Akasema, "Hawauzwi."

Kijana akashangaa. Ng'ombe yuko mnadani, halafu hauzwi? Tukazunguka mpaka saa sita mchana. Kila tulipofika ilikuwa hivyo hivyo, au tulitajiwa bei ya kututisha.

Ndipo yule mama akasema, "Wanangu, hebu niachieni mimi." Akarudi kwa mzee yule yule.

"Shikamoo baba."

"Marahaba."

"Habari za huko mtokako? Mvua imenyesha? Malisho yapo? Watoto hawajambo?"

Mzee akajibu moja moja. Naye akauliza habari za kwetu, mama akamweleza. Mwishowe mzee mwenyewe akauliza, "Haya mama, umefuata nini huku?" Kabla ya saa tisa tulikuwa tumekubaliana bei ya maksai wawili.

Kumbe kosa halikuwa fedha zetu. Kosa lilikuwa mwenendo wetu. Wafugaji wengi hawapendi mifugo yao ihesabiwe na mgeni. Kumwuliza mfugaji "Una ng'ombe wangapi?" ni kama kumwuliza mtu ana fedha kiasi gani ndani ya nyumba yake. Wewe ungejibu?

Sasa tuangalie mambo matano ya kukumbuka.

1. SALAMU
Usitaje bei kabla ya salamu. Shikamoo kwa mkubwa hupokelewa karibu kila mahali. Lakini ukijua salamu ya wenyeji, mtu hufurahi. Usukumani, asubuhi husema "Mwangaluka" na mchana "Mwadila". Wahehe husema "Kamwene". Mtoto wa Kimaasai akikuinamishia kichwa, mguse kichwani kwa kiganja. Hiyo ndiyo salamu yake. Pwani na Visiwani, piga hodi ungoje "Karibu". Wanawake wengi wa Kiislamu hawapeani mkono na mwanamume. Basi, wewe mwanamume, usitangulize mkono wako. Na popote uendapo, toa na pokea kwa mkono wa kulia.

2. UTANI
Wahehe na Wangoni walipigana vita vikali kati ya mwaka 1878 na 1882. Leo ni watani. Mngoni anaweza kumwambia Mhehe sokoni, "Wewe mtumwa wangu, lete huyo kuku bure!" Wote watacheka, na biashara itaendelea. Mgeni akisikia hudhani ni ugomvi. Ukitaniwa, usikasirike. Lakini kama hujui kabila lako na lile ni watani, usianze wewe. Tena utani haufuti deni. Ukichukua kuku, lipa.

3. DINI NA CHAKULA
Ukienda Unguja au Pemba mwezi wa Ramadhani, usile wala kuvuta sigara hadharani mchana. Ijumaa adhuhuri, mwache mwenye duka aende kuswali. Msabato naye hafanyi biashara tangu jua la Ijumaa linapozama mpaka jua la Jumamosi linapozama. Panga safari yako ukijua hayo. Ukichinja kwa ajili ya wageni wa dini mbalimbali, mwombe Mwislamu achinje, ili wote wale.

4. BEI
Sokoni, kupatana bei si ugomvi. Ni mazungumzo. Punguza kwa heshima, wala usitukane mali ya mtu. Usiseme, "Ng'ombe gani huyu, mifupa mitupu!" Mwenye mali ataumia, na pengine atakataa kukuuzia kabisa. Dukani ambako bei imeandikwa, uliza kwanza kama inapungua. Mkishakubaliana, usirudi nyuma. Neno lako likivunjika leo, mwakani hakuna atakayekuamini.

5. KIPIMO NA MAANDISHI
Tuheshimu desturi, lakini si kila kinachoitwa desturi ni halali. Yuko mnunuzi atakayekuja na gunia la lumbesa, yaani gunia lililojazwa mpaka likashonewa kilemba juu. Atasema, "Ndiyo desturi ya hapa." Siyo desturi. Ni wizi, na sheria inaukataza. Mjibu kwa upole, "Ndugu yangu, twende kwenye mzani." Debe la huku na debe la kule huenda yasilingane, lakini kilo ni kilo kila mahali.

Hapo turudi mnadani. Tulipokuwa tukitaka kulipa, karani alituandikia stakabadhi. Yule kijana aliyefukuzwa na mzee asubuhi aliichukua akaisoma polepole, neno kwa neno. Akasema, "Hapa pameandikwa maksai 1. Sisi tumenunua 2." Karani akaomba radhi akaandika nyingine. Njiani, kwenye kizuizi, tuliombwa stakabadhi na kibali cha kusafirisha mifugo. Kama karatasi ingesema 1, maksai wa pili angebaki pale, na sisi tungehesabiwa wezi.

Basi ndugu msomaji, salamu ya mama ilitufungulia mlango, na kisomo cha kijana kiliokoa mali ya kikundi. Ukienda kununua au kuuza mbali na kwenu, beba vyote viwili.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini mzee alisema ng'ombe wake hawauzwi?
2. Kabila lenu lina watani gani? Utani huo ulianzaje? Waulizeni wazee.
3. Mgeni akija kijijini kwenu kununua mazao, ni jambo gani akilifanya litawaudhi? Je, mtamweleza au mtanyamaza?
4. Andika stakabadhi ya mbuzi 3. Taja tarehe, jina la muuzaji, jina la mnunuzi, idadi na bei. Kisha mpe mwenzako aisome.