Samaki Msafishaji: Mambo ya Kujua Kabla ya Kununua

Jina la bidhaa huweza kumpotosha mnunuzi hata pale ambapo muuzaji hakukusudia kudanganya. Mfano mmojawapo ni gobi msafishaji, samaki mdogo wa baharini anayefugwa nyumbani katika matangi ya kioo yenye matumbawe. Wengi hudhani kwamba atasafisha tangi. Sivyo. Gobi huyu husafisha samaki wenzake kwa kudonoa vimelea na ngozi iliyokufa miilini mwao. Ukungu wa kijani kwenye kioo, kinyesi na mabaki ya chakula hubaki kuwa kazi ya mwenye tangi.

Gobi wasafishaji wanaofahamika zaidi asili yao ni Bahari ya Karibi. Urefu wao ni karibu sentimita 5. Wasichanganywe na samaki msafishaji wa miamba ya Bahari ya Hindi, ambaye ni mgumu kufugwa na mara nyingi hufa kwa njaa tangini. Hata Ziwa Victoria lina wasafishaji wake: mwaka 1981 watafiti Frans Witte na Els Witte-Maas walieleza aina mbili za furu walao vimelea vya samaki wengine.

Gharama ya maji

Kwa mkazi wa Bukoba au Muleba, mzigo mkubwa si bei ya samaki bali maji. Maji ya ziwa na ya mvua hayana chumvi ya kumfaa samaki wa bahari. Maji ya bahari yana takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Hivyo tangi la lita 100 huhitaji karibu kilo 3 na nusu, na kila utakapobadilisha lita 20 utahitaji gramu 700 nyingine. Hiyo ni chumvi maalumu yenye madini mengi. Chumvi ya mezani haiwezi kushika nafasi yake. Maji ya bomba yaliyotiwa klorini yaondolewe dawa hiyo kwanza.

Joto la maji liwe nyuzi 24 hadi 27. Kwa kuwa usiku wa Bukoba una ubaridi, kipasha maji kinahitajika, pamoja na pampu. Vyote hutegemea umeme. Ukikatika kwa saa nyingi, hewa iliyomo majini hupungua na samaki hufa. Tunashauri pampu ndogo ya betri inunuliwe kabla ya samaki.

Tangi jipya huhitaji wiki 4 hadi 6 ili bakteria waozeshao uchafu waongezeke. Gobi asitiwe humo mpaka vipimo vionyeshe kwamba amonia haipo tena. Baada ya hapo alishwe kila siku, kwa mfano uduvi mdogo sana, maana vimelea pekee havitamshibisha.

Maswali ya kumwuliza muuzaji

Je, samaki huyu ni wa aina gani hasa? Amezalishwa tangini au amevuliwa baharini? Amekaa dukani siku ngapi? Naweza kumwona akila? Ni nani atakayebeba hasara akifa safarini? Majibu yaandikwe kwenye risiti. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mnunuzi, na risiti ndiyo ushahidi wako wa kwanza.

Wajibu wa mnunuzi

Maji ya chumvi yasimwagwe kwenye migomba, kwani huharibu udongo. Wala samaki yeyote wa tangi, hasa wa maji baridi, asiachiliwe ziwani. Sangara aliyepandikizwa Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na 1960 alichangia kutoweka kwa aina nyingi za furu, na hasara hiyo haijarudishwa.

Kabla ya kulipa, jumlisha bei ya chumvi, vipimo, umeme na chakula cha mwaka mzima. Ikiwa jumla hiyo inazidi uwezo wako, kuahirisha ununuzi kutaokoa fedha zako na uhai wa samaki.