Usimnyang'anye Pedi, Pima Kwanza

Wadogo zangu, leo naanza na barua ya binti mmoja wa Dar es Salaam, maana imenikaa moyoni. Ni mfanyakazi, ndiye anayelipia intaneti ya nyumbani kila mwezi, na anaishi na mdogo wake wa kiume ambaye amemaliza kidato cha nne juzijuzi. Kijana ana PS4 waliyoinunua used Kariakoo. Sasa gemu linaganda katikati ya mechi, kupakua gemu jipya hakuishi, na dada mtu akiingia kwenye kikao cha kazi jioni, sauti inakatakata. Wameshapandisha kifurushi, hali ni ileile. Wiki iliyopita wakagombana: akamwambia kijana kwamba ndiye anayeila intaneti yote, akachukua pedi ya kuchezea na kuifungia kwenye mkoba wake. Anauliza apandishe kifurushi tena, au auze hiyo PS4?

Mdogo wangu, usifanye hilo wala hili. Kwanza tujue kasi inapotelea wapi.

Intaneti yako ina safari mbili. Ya kwanza inatoka kwa kampuni hadi kwenye ruta, na hiyo ndiyo unayoilipia. Ya pili inatoka kwenye ruta hadi kwenye PS4, hewani, ndani ya kuta zako mwenyewe. Hiyo ya pili hakuna kifurushi kinachoitengeneza. Umepandisha malipo ya safari ya kwanza, na huenda mgonjwa ni ya pili.

Chukua simu yako. Waombe wote nyumbani waache kutumia intaneti kwa dakika kumi. Simama hatua mbili kutoka kwenye ruta, fungua fast.com, andika namba utakayoiona. Nenda na simu hiyohiyo hadi ilipo PS4, iweke juu yake kabisa, pima tena. Halafu washa PS4 yenyewe. Kwenye mipangilio, sehemu ya mtandao, kuna kipimo chake. Andika na hiyo. Kipimo cha PS4 hupanda na kushuka, kwa hiyo rudia mara mbili tatu.

Namba ya kwanza ikiwa mbovu, ipigie kampuni simu ukiwa na karatasi yako mkononi. Ya kwanza ikiwa nzuri na ya pili mbovu, kuta na mahali pa ruta ndivyo vinavyokula kasi. Zikiwa nzuri zote mbili na ya PS4 ni mbovu, basi shida ni ya mashine, na hapo naomba unisikilize vizuri, maana wengi wanaonunua used hawaambiwi hili.

Igeuze PS4 utafute kibandiko chenye namba ya modeli. Ikianza na CUH-10, CUH-11 au CUH-12, ni PS4 ya awali, ile iliyoanza kuuzwa 2013. Hiyo inapokea Wi-Fi ya gigahezi 2.4 tu. PS4 Slim na PS4 Pro, zilizotoka 2016, zinapokea 2.4 na 5. Kwa hiyo ruta yako ikiwa inatoa majina mawili, moja likiwa na 5G mwishoni, na simu inayaona yote lakini PS4 inaona moja tu, haijaharibika. Haina antena ya masafa hayo, basi. Na hiyo 5G ya jina la Wi-Fi si ile 5G ya mitandao ya simu. Hapa inamaanisha gigahezi 5. Nimeona watu wakikimbilia kununua laini mpya kwa sababu ya kuchanganya hayo mawili.

Gigahezi 2.4 ina sifa ya kupenya ukuta vizuri kuliko 5, lakini imejaa kama daladala ya saa moja asubuhi. Wi-Fi za majirani zimo humo. Pedi ya PS4 nayo imo, kwa Bluetooth. Mikrowevu inapasha chakula kwa mawimbi ya masafa hayohayo, na kiasi kidogo huvuja nje. Kama gemu linaganda kila mtu anapopasha wali, umeshampata mkosaji mmoja. Kwa majirani, ingia kwenye mipangilio ya ruta (anwani na nywila mara nyingi zimeandikwa chini yake) uchague chaneli ya 1, 6 au 11, ile isiyo na msongamano. Hizo tatu haziingiliani. Ukiiweka kwenye ya 3 unagongana na pande zote.

Sasa tuje sebuleni. Najua tunavyopenda kupanga. Ruta inasukumwa nyuma ya TV ndani ya kabati, inafunikwa kitambaa cha kufuma isiingie vumbi, pembeni kuna kioo kikubwa. Kitambaa hakizuii mawimbi, ila kinazuia hewa, na ruta inayochemka huanza kusuasua. Kioo cha kujitazamia kina rangi ya madini kwa nyuma, kinarudisha mawimbi. Zege lenye nondo linayameza, na tangi la samaki pia. Itoe ruta kabatini, iweke juu, wazi, karibu na katikati ya nyumba. PS4 nayo usiibane nyuma ya TV. Hii haigharimu hata shilingi, na ndiyo ningeifanya kabla ya yote.

Lakini kama chumba kinaruhusu, dawa ninayoiamini ni waya. Nunua kebo ya LAN, chomeka upande mmoja kwenye ruta na mwingine nyuma ya PS4. Modeli zote za PS4 zina tundu lake. Kebo inaweza kwenda hadi mita 100, kwa hiyo kuipitisha ukutani hadi chumba cha pili si tatizo. Hata kama huitaki ionekane sebuleni kwako, iazime siku moja upime: kasi ikiruka ghafla, umepata jibu la Wi-Fi bila ubishi. Vijana wataambiana wabadilishe namba za DNS. DNS kazi yake kubwa ni kutafuta anwani. Bomba halipanuki kwa hilo.

Kuhusu kupakua, kuna hesabu inayowaumiza wengi. Kampuni inakuuzia megabiti, gemu linapimwa kwa megabaiti, na megabaiti moja ni megabiti nane. Kifurushi cha megabiti 10 kwa sekunde kikifanya kazi bila kasoro kitashusha gemu la GB 50 kwa zaidi ya saa kumi na moja nzima. Ukianza saa 4 usiku, unakunywa chai ya asubuhi bado linaendelea. Hakuna kilichoharibika hapo. Ila mwambie kijana afunge kabisa gemu analocheza wakati anapakua jingine, maana PS4 hubana upakuaji gemu likiwa wazi.

Na hapa, dada, nawe una haki yako. Kucheza mechi mtandaoni kunakula kidogo sana, kwa kawaida hata GB moja kwa saa haifiki. Kinachokuvurugia kikao ni kupakua, kwa sababu kunaijaza njia yote na sauti yako inabaki foleni. Kubalianeni apakue usiku, PS4 ikiwa kwenye hali ya usingizi badala ya kuzimwa.

Kuna kuganda kwingine ambako hamtakuondoa hata kwa waya, na kijana anapaswa kujua hilo asijitese. Akicheza na mtu wa Ulaya, taarifa hupita kwenye nyaya za chini ya bahari, ambamo mwanga husafiri kama kilomita 200,000 kwa sekunde. Njia ya kilomita 10,000, kwenda na kurudi, ni milisekunde 100 kabla ya kuongeza kitu kingine chochote. Achague wapinzani na seva za karibu kila gemu linaporuhusu. Na nyaya hizo zenyewe hukatika. Mei 2024 zilipokatika EASSy na Seacom, Afrika Mashariki yote ililalamika, na hakuna ruta ambayo ingesaidia siku ile.

Kwa hiyo PS4 msiiuze, na kifurushi kiache kilivyo hadi upate zile namba tatu. Pedi itoe mkobani leo, umrudishie mdogo wako kabla hujawasha chochote, umwambie ulimkosea kumtupia lawama zote. Halafu mkapime pamoja. Wewe ushike karatasi na kalamu, yeye ndiye anayejua mipangilio ilipo.