Klipu ya wanafunzi Lusenda: panga watu kwanza, kamera baadaye

Wimbo ukishatoka studio, kila mwanafunzi huanza kuwaza klipu, na swali la kwanza darasani huwa: nani ana simu nzuri? Hilo liwe swali la mwisho. Mwenye simu atapatikana. Wanaopaswa kutafutwa mapema ni watu watakaoonekana kwenye picha, wazazi wao, na wakubwa wanaoweza kusema ndiyo au hapana.

Nasema hivyo kwa sababu Lusenda ina historia yake. Kambi ya wakimbizi ya hapa ilifunguliwa mwaka 2015, Warundi walipokuwa wakikimbia machafuko yaliyozuka nchini kwao Aprili ya mwaka huo. Watoto wao waliingia katika shule za Kikongo za eneo hili, wakakaa dawati moja na watoto wa wenyeji, ambao wengi wao wana ndugu waliovuka ziwa wakati wa vita vya 1996 na 1998 wakaishia kambi ya Nyarugusu, Tanzania. Kwa hiyo kundi la muziki la shule hapa mara nyingi ni kundi la watoto wa pande mbili za ziwa, na karibu kila mmoja ana mtu nyumbani aliyewahi kukimbia.

Nani aonekane, na kwa namna gani

Klipu haikai ulipoiweka. Leo iko kwenye simu ya rafiki, kesho iko Bujumbura, keshokutwa iko Marekani au Australia. Mtu aliyekimbia anaweza kuwa na sababu nzito ya kutotaka uso wake na jina la mahali anapoishi viende pamoja. Tena, urejeaji wa hiari wa Warundi kutoka Kongo ulianza mwaka 2020; familia inayofikiria kurudi inaweza isipende mtoto wake aonekane akiimba wimbo ambao huko utasikika kama siasa, hata kama nyinyi mliutunga kuhusu mapenzi au shule.

Chukueni daftari. Andikeni jina la kila mshiriki, na mbele yake mojawapo ya maneno matatu: uso, mwili, sauti. Wa «uso» anaweza kupigwa picha waziwazi. Wa «mwili» aonekane mgongo, mikono juu ya ngoma, miguu ikicheza, au kivuli chake ukutani. Wa «sauti» anasikika tu. Daftari hilo ndilo litakaloamua picha zenu, na mkilifuata vizuri klipu itapendeza zaidi: mikono ya mpiga ngoma ikipigwa picha kwa karibu, vumbi likiruka juu ya ngozi, ina nguvu kuliko nyuso kumi na tano zilizojipanga mstari zikiangalia kamera.

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto. Idhini yake peke yake haitoshi. Mzazi au mlezi asaini, au aweke dole gumba. Msimtume mtoto mwenyewe na karatasi. Nendeni wawili, mmoja akiwa mwalimu, mketi kama mtakaribishwa kiti, mseme jambo lenyewe bila kuzunguka: «Jambo mama. Sisi ni wa shule ya binti yako. Tuna wimbo, tunataka kuutolea klipu. Itapita kwenye simu na kwenye intaneti, na ikishatoka hatuwezi tena kuirudisha. Tunaomba kujua kama unakubali aonekane uso, au aonekane mgongo tu, au asionekane kabisa.» Halafu nyamazeni, mpeni nafasi ya kufikiri. Mama akisema atamuuliza baba wa nyumba kwanza, rudini kesho. Akikataa, mshukuruni na msirudi kubembeleza.

Watu wasio wa kundi lenu wahesimiwe vilevile. Foleni ya chakula, foleni ya maji, mlango wa kituo cha afya: hapo msiweke kamera. Mtu aliyesimama kusubiri mgawo hakuja kuwa pambo la wimbo wa mtu. Mkitaka kuonyesha maisha ya Lusenda, ombeni fundi cherehani, muuza ndagala au kinyozi akubali kupigwa picha akiwa kazini, na mwonyesheni picha mara tu mnapomaliza.

Kuna jambo moja zaidi la kujadiliwa mapema: ngoma. Ngoma za kifalme za Burundi ziliingizwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika mwaka 2014. Oktoba 2017, Rais Pierre Nkurunziza alitoa agizo lililoweka masharti ya kuzipiga na kuwazuia wanawake kuzipiga. Agizo hilo ni la Burundi, si la Kongo. Lakini kama klipu yenu ina wasichana wanaopiga ngoma hizo, wazee wa Kirundi wana lao la kusema, na wasichana wenyewe wana haki ya kujua kwamba picha hiyo inaweza kuzua maneno ng'ambo ya ziwa. Mimi naona wapige wakitaka. Ila waamue wao na wazazi wao, wakijua wanachoamua, na wakae na wazee kabla ya siku ya kurekodi. Ugomvi juu ya ngoma siku ile utaharibu kazi ya mwezi mzima.

Karatasi yenye muhuri

Anzeni na prefe wa shule. Yeye akikubali, mwombeni aandike barua fupi yenye muhuri ikitaja jina la wimbo, majina ya walimu wawili watakaokuwapo, mahali na tarehe. Mkitaka kupiga picha ndani ya kambi, barua hiyo ipelekwe CNR, tume ya taifa ya wakimbizi inayosimamia kambi kwa niaba ya serikali ikishirikiana na HCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi. Mkipiga picha kijijini au ufukoni, chefu wa kijiji aarifiwe, na polisi wa karibu wapewe nakala. Anzeni wiki tatu kabla. Mkubwa anaweza kuwa safarini, na muhuri ukasafiri naye. Nakala moja ibaki mfukoni mwa mwalimu siku yenyewe.

Kuna vitu ambavyo barua haifungui. Msipige picha wanajeshi, vizuizi vya barabarani, madaraja wala magari ya usalama. Msivae nguo za rangi za kijeshi, na msitumie bunduki ya mbao hata kama ubeti mmoja unasimulia vita. Katika eneo ambalo watu wenye silaha wamepita mara nyingi, mtu aliye mbali hataona kwamba ni mchezo. Kazi ianze na kuisha mchana. Jua likizama kila mtu awe kwao.

Kama mnataka wimbo uchezwe redioni au kwenye televisheni, jueni kwamba Kongo ina tume ya taifa ya kukagua nyimbo na maonyesho. Novemba 2021 nyimbo kadhaa zilipigwa marufuku Kinshasa, mmojawapo «Nini tosali te» wa kundi la MPR, kisha marufuku ya wimbo huo ikaondolewa upesi baada ya watu kupaza sauti. Klipu ya shule si lazima ifike huko. Lakini mwalimu asome maneno yote ya wimbo, pamoja na mafumbo yake, kabla ya kuweka jina la shule juu yake.

Jua la Lusenda

Lusenda iko upande wa magharibi wa Ziwa Tanganyika. Kwa hiyo jua huchomoza likitokea ziwani, juu ya milima ya Burundi, na jioni huzama nyuma ya milima ya Kongo. Yeyote anayepanga picha bila kuzingatia hilo atarudi nyumbani na nyuso nyeusi.

Kosa lenyewe hutokea hivi. Asubuhi, kundi linasimama ufukoni, mgongo ziwani, kwa kuwa ziwa ni zuri. Jua liko nyuma yao. Simu inaona maji yanayong'aa, inapunguza mwanga ili maji yasiungue, na waimbaji wanabaki vivuli. Ngozi zetu nyeusi ndizo zinazoumia zaidi, kwa sababu simu ikishapunguza mwanga, macho na tabasamu hupotea kwanza.

Basi fanyeni kinyume. Asubuhi, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu, mwimbaji aangalie ziwa, mpiga picha ndiye ayape maji mgongo. Nyuma ya mwimbaji zitaonekana michikichi, nyumba na milima, na uso wake utakuwa umejaa mwanga laini wa asubuhi. Picha za ziwa ziacheni hadi saa tisa na saa kumi alasiri. Wakati huo jua limehamia upande wa milima. Mwimbaji akilipa ziwa mgongo, mwanga unampiga usoni na maji nyuma yake yanakuwa buluu. Msingoje zaidi, kwani milima hulificha jua kabla ya saa yake ya kuzama.

Mchana wa saa sita jua liko utosini na macho ya watu huwa kama mashimo. Ingieni darasani. Msimamisheni mwimbaji hatua mbili kutoka dirishani, uso wake ukielekea dirisha, na mpiga picha asimame ubavuni mwa dirisha. Mwanga huo wa bure ni mzuri kuliko taa nyingi za kununua. Shuka jeupe likishikwa upande wa pili wa uso litajaza kivuli.

Kwenye simu, gusa uso wa mwimbaji kwenye skrini na ushikilie kidole mpaka fokasi na mwanga vijifunge, ndipo urekodi. Futa lenzi kwa kitambaa safi kila mara. Mafuta ya vidole ndiyo yanayofanya picha nyingi zionekane na ukungu. Laza simu, isimame wima tu kama mmeamua klipu ni ya TikTok peke yake.

Kuhusu majira, likizo kubwa baada ya Exetat, mtihani wa taifa, ndiyo nafasi nzuri: kiangazi cha Juni hadi Agosti hakina mvua, na hakuna masomo ya kuiba. Kina shida zake. Upepo wa kusini-mashariki huvuma ziwani kwa nguvu miezi hiyo, na moshi wa mashamba yanayochomwa huweza kuifuta milima ya ng'ambo kabisa. Mkiitaka milima ionekane, nendeni kuangalia siku mbili tatu kabla.

Wimbo mmoja, sehemu tatu

Mwimbaji haimbi upya siku ya klipu. Anafuatisha wimbo uliokwisha rekodiwa, ukipigwa kwenye bafle. Hakikisheni ni nakala ile ya mwisho ya studio. Ikiwa mchanganyaji baadaye ataongeza hata sekunde mbili mwanzoni au kubadilisha kasi, midomo na sauti vitagombana. Kabla ya kila kurekodi mtu mmoja apige kofi mbele ya kamera. Kofi hilo, pamoja na sauti ya bafle, litamsaidia mhariri kulinganisha picha na wimbo. Na aimbe kweli kwa sauti: anayechezesha midomo tu huonekana, shingo yake haina nguvu.

Chagueni sehemu tatu, zisizidi, zinazofikika kwa miguu. Kila sehemu wimbo mzima upigwe mara tatu: mara ya kwanza kundi zima kwa mbali, ya pili mwimbaji kuanzia kiunoni, ya tatu uso, au mikono kwa waliosema hapana. Wimbo wa dakika nne utawapa dakika 36 za picha. Kwa ubora wa 1080p, dakika moja huchukua takribani megabaiti 130, hivyo siku nzima haitazidi gigabaiti 5, ambazo kadi ya 16 inazibeba bila taabu. Ubora wa 4K hula karibu mara tatu ya hapo na utaichosha simu ya mhariri, uacheni.

Betri ndiyo itakayowasumbua. Wekeni simu katika hali ya ndege, punguzeni mwanga wa skrini kati ya picha na picha, na bebeni paua benki mbili zilizojazwa kwenye paneli ya jua tangu jana yake. Simu ya kurekodi isiwe ndiyo inayopiga muziki.

Wekeni pia pesa ya chakula kwenye hesabu kabla ya pesa ya mavazi. Vijana wanaocheza tangu alfajiri bila kula watachoka saa nne, na uchovu unaonekana kwenye picha. Maji ya kunywa yawe yaliyotiwa dawa au kuchemshwa, mkayabebe wenyewe: kipindupindu ni cha kudumu katika kanda za Nundu, Fizi na Uvira, na mtoto mwenye kiu akiwa ufukoni atainamia ziwa. Mtumbwi ukihitajika kwenye picha, uwe umefungwa nchi kavu. Mkiulizia wavuvi watawaambia pia mamba wanaonekana upande gani.

Baada ya kurekodi

Usiku huohuo picha zinakiliwe mahali pawili, kwa mfano kompyuta ya shule na kadi nyingine inayokaa kwa mwalimu. Kuhariri kunawezekana kwa simu, kwa programu kama CapCut au KineMaster. Wekeni wimbo wa studio chini, pangeni juu yake picha zilizolinganishwa kwa kofi, kisha zimeni sauti zote za kamera. Mhariri awe na lile daftari mezani.

Klipu ikikamilika, waonyesheni kwanza waliomo na wazazi wao, darasani, kabla ya mtu yeyote kupewa nakala. Atakayesema «hapo mnitoe» atolewe, hata kama ndiyo picha nzuri kuliko zote. Mwishoni andikeni majina ya waliokubali kutajwa, pamoja na mtunzi na studio, na hakikisheni mdundo si wa kuokota kwenye intaneti. Haki za watunzi Kongo zinalindwa na sheria ya tangu 1986, na SOCODA ndiyo shirika la kuzikusanya.

Tengenezeni nakala mbili: moja kubwa ya kupandisha YouTube mtakapopata mtandao mzuri Baraka au Uvira, na nyingine ndogo ya 480p ya kupitishwa kwa Bluetooth na kadi za memori, maana hivyo ndivyo watu wengi wa hapa watakavyoiona. Picha ghafi za waliokataa uso zifutwe kwenye simu, kwenye kadi na kwenye kompyuta, mwalimu akiwa amesimama hapo.