Mafunzo Niliyopata Nikifunga Antena za GPS Kitale na Bungoma

Kazi yangu ni kufunga traka kwenye magari. Wateja huuliza bei, na kama injini inaweza kuzimwa kwa simu. Antena itakaa wapi hawaulizi, na mimi huanzia hapo.

1. Lifikirie gari likiwa na mzigo

Mwenye pikapu mmoja alinipigia simu amewaka: "Fundi, simu inaonyesha gari liko Kanduyi, na dereva anaapa yuko Misikhu. Nimwamini nani?" Nikamwambia amwamini dereva, kisha alete gari. Antena ilikuwa imebandikwa juu ya paa la kebini, mahali pazuri kabisa kwa gari tupu. Lakini pale Kanduyi walikuwa wamepakia mabati marefu yaliyopita juu ya kebini na kuchomoza mbele. Antena ikafunikwa, traka ikapoteza setilaiti, ikabaki kutuma mahali pa mwisho ilipopajua. Kijana wa watu alikaribia kufutwa kazi bila kosa, na jambo hilo liliniuma.

Ndiyo maana kabla ya kushika bisibisi huuliza: gari hili hubeba nini? Matatu za Kitale–Webuye hujaza keria magunia, magodoro na matenga ya kuku. Hata pasipo chuma, mzigo wenye maji mengi, kama mboga au mahindi mabichi, hupunguza nguvu ya mawimbi.

2. Plastiki haina neno, chuma ndicho adui

Setilaiti za GPS ziko takriban kilomita 20,200 juu yetu, na mawimbi yake yakitufikia ni hafifu mno. Hupenya plastiki na kioo cha kawaida, bati hayapenyi. Kwa gari la mizigo, mimi huchagua chini ya plastiki ya dashibodi, karibu na kioo cha mbele. Mwizi haioni, mvua haiifikii. Ila papasa kwanza: ndani humo mna mhimili wa chuma unaotoka upande hadi upande, na antena ikiwekwa chini yake ni kama umeizika.

Gari dogo lisilobeba kitu juu, paa ndilo bora. Antena hizi hufanya kazi vizuri zaidi zikiwa na bati chini yake.

3. Uso utazame juu

Upande wa sumaku ndio wa chini. Ukiigeuza, au ukiisimamisha wima kwa sababu nafasi ni finyu, unainyima sehemu kubwa ya anga.

4. Chunguza tinti

Tinti nyingine zina chembe za chuma. Weka simu nyuma ya kioo, fungua programu inayohesabu setilaiti, kisha itoe nje ulinganishe.

5. Iepushe na kamera ya dashibodi na chaja za bei rahisi

Baadhi yake hutoa kelele za umeme zinazoyameza mawimbi ya GPS.

6. Usipime ndani ya gereji

Paa la gereji ni mabati. Toa gari uwanjani, usubiri. Setilaiti 4 ndizo za chini kabisa za kujua mahali na kimo, lakini huku kwetu karibu na Ikweta, penye anga wazi, nisipoona zaidi ya 6 naihamisha antena. Kisha namwomba mwenye gari arudi siku ya soko, keria ikiwa imejaa, nipime tena.