Kabla mawese yako hayajafika rafuni

Pale njia panda ya Kidahwe, barabara ya kutoka Kigoma mjini inapogawanyika kwenda Uvinza na Kasulu, mnunuzi wa mawese hana mambo mengi. Anafungua dumu, anatazama rangi, ananusa, mnapatana, pesa inatoka. Bei yake inaweza kukuuma, lakini ukifika nyumbani unajua umepata ngapi.

Sasa vikundi vya wakamuaji vimeanza kutamani kufungasha kwenye chupa na kuuza supamaketi za mijini. Hamu hiyo naiunga mkono kwa moyo wote. Ila duka kubwa halinunui kama mtu wa dumu. Wenye bidhaa ni wengi wanaogombea rafu moja, na ukikataa masharti yupo mwingine nyuma yako. Nguvu hiyo mara nyingi haionekani kwenye bei. Imejificha kwenye makato na kwenye siku za kusubiri.

Kenya jambo hili limefika kwenye sheria. Desemba 2023, Mamlaka ya Ushindani ya nchi hiyo iliitoza Majid Al Futtaim, kampuni inayoendesha maduka ya Carrefour huko, faini ya zaidi ya shilingi bilioni 1.1 za Kenya. Waliolalamika walikuwa wawili: Woodlands, wauza asali, na Pwani Oil, watengenezaji wa mafuta ya kula. Kiini cha kesi kilikuwa makato ya marejesho juu ya mauzo, yaani asilimia ya mauzo ambayo duka linajirudishia, pamoja na masharti mengine yaliyowaelemea wasambazaji. Pwani Oil si kikundi cha kijijini, ni kiwanda kikubwa. Kama mkubwa kiasi hicho alibanwa, mwenye mashine moja ya kukamulia ajipange mapema.

Tuchukue mfano. Umepatana shilingi 5,000 kwa chupa ya lita moja, umepeleka chupa 200. Moyoni una milioni moja. Mkataba unataka chupa 10 za bure kwa ajili ya tawi jipya, na 15 zimerudishwa. Zinabaki 175, yaani shilingi 875,000. Duka linakata marejesho ya asilimia 8, shilingi 70,000. Mkononi inakuja 805,000, kwa hiyo kila chupa uliyopeleka imekuingizia 4,025. Hapo hujatoa chupa tupu, lebo wala nauli. Na kama malipo ni baada ya siku 60, kwa miezi miwili unaliendesha duka la mwenzako kwa mtaji wako. Hiyo ni mali kauli, hata ikiandikwa kwenye karatasi yenye nembo.

Hizo chupa zinazorudi nazo zina habari yake. Mawese huganda asubuhi ya baridi: chini panakuwa pazito, rangi ya chungwa iliyofifia, juu yanabaki mekundu na mepesi. Mtu wa Kigoma anaiweka chupa juani na maisha yanaendelea. Mteja asiyeyajua anadhani yameharibika. Andika kwenye lebo kwamba kuganda ni kawaida, na kwenye mkataba kwamba chupa iliyoganda tu hairudishwi.

Alama ya TBS na msimbo wa mistari unaoanza na 620 utaulizwa tu, vitafute mapema. Kubwa zaidi ni kuuliza kabla ya kusaini: makato yote ni asilimia ngapi, nani anabeba hasara ya kinachoharibika dukani, siku za malipo zinahesabiwa kuanzia lini, na duka likiniondoa rafuni litanipa taarifa muda gani kabla? Jibu la mdomo halitoshi. Kila mzigo ukipokelewa, pata sahihi na tarehe. Ukidhulumiwa na kutaka kufika Tume ya Ushindani, FCC, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, karatasi hizo ndizo zitakazokusemea.

Na duka kubwa huanguka pia. Uchumi, supamaketi za Kenya, walifunga maduka yao Tanzania Oktoba 2015. Nakumatt, waliochukua maduka ya Shoprite nchini mwaka 2014, nao wakaondoka, na Januari 2020 wadai wao Kenya walipiga kura kampuni ifilisiwe, wasambazaji wengi wakiwa hawajalipwa.

Kwa hiyo mwanzoni usipeleke supamaketi zaidi ya theluthi moja ya mawese yako. Wiki hiyohiyo unayosaini, mpigie simu mnunuzi wako wa njia panda umwambie dumu lake lipo palepale.