Maneno ya Wiki: Mbwa Anapougua Ubongo na Neva

Wengi wenu hapa Farsta mnafuga mbwa au paka, na kwa daktari wa mifugo mnaeleza kila kitu kwa Kiswidi. Bibi akiuliza kwa simu, mtasemaje?

Mbwa akianguka ghafla, akakakamaa, akatetemeka na kutokwa povu, tunasema ameanguka kifafa. Msiseme degedege, hilo ni la mtoto mdogo mwenye homa. Tazameni saa, wala msimtie mkono mdomoni. Zikipita dakika 5, wazazi, mpigieni daktari mara moja.

Miguu ya nyuma isipoinuka, amepooza. Mbwa aina ya tax, yule mrefu wa mgongo na mfupi wa miguu, hupatwa sana: gegedu kati ya pingili za uti wa mgongo hutokeza na kubana mishipa ya fahamu. Semeni “ya fahamu”, maana mingine ni ya damu.

Kichaa cha mbwa ni jambo jingine kabisa. Uswidi haina ugonjwa huo tangu 1886, lakini Kenya na Tanzania upo. Mking'atwa likizoni, hata kidogo, mwambieni mtu mzima. Osheni kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo, mkachanjwe.